Nani Kasema Umoja ni Tarehe Moja?

Jioni ya tarehe 29 Shaaban, kuanzia Lamu hadi Mtwara, macho huelekea magharibi. Wako wanaopanda juu ya nyumba, wako wanaotafuta uwanja usio na minazi, na wako walioinamia simu, ambao siku hizi ndio wengi. Kabla ya Isha kumalizika, makundi ya WhatsApp yameshatoa hukumu mbili zinazopingana. Usiku huo kaka anaamka kula daku, mdogo wake amelala. Mwisho wa mwezi huwa vibaya zaidi: katika nyumba moja pilau iko jikoni na watoto wameshavaa nguo za Idi, na chumba cha pili yuko mtu mzima amefunga, anahesabu siku ya 30.

Dawa inayotajwa kila mwaka ni moja. Dunia nzima ifuate mwezi mmoja. Ukiandama popote, umeandama kote. Mola ni mmoja, kibla ni kimoja, na mwezi wenyewe huko juu ni mmoja, basi vipi Idi ziwe mbili au tatu? Hoja hii husikika msikitini, redioni na mabarazani, na kwa wengi imeshakuwa jambo lisilodai ushahidi. Marehemu Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliitetea kwa elimu na ujasiri, na wengi waliosoma kwake wanaishikilia hadi leo. Anayeipinga huambiwa anatukuza mipaka iliyochorwa na wakoloni.

Pamoja na utamu wake, hoja hiyo haisimami. Anga haliikubali, na hapa kwetu imeubomoa umoja uleule iliokuja kuujenga.

Tuanze na anga, kwa kuwa ndiko mzozo unakodaiwa kutoka. Mwezi hulizunguka anga na kulikuta tena jua kwa wastani wa siku 29 na saa 12 na dakika 44. Vinapokutana, upande wa mwezi unaong'aa hautuelekei, hatuoni kitu. Baada ya hapo mwezi hujitenga na jua taratibu, kiasi cha nusu nyuzi kwa saa, mpaka uzi mwembamba wa hilali upate nguvu ya kushinda mwanga wa machweo. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alikwishaonyesha katika miaka ya 1930 kwamba chini ya nyuzi 7 hivi za mwachano hakuna hilali ya kuonekana kwa jicho. Rekodi inayokubalika zaidi ya jicho tupu ni ya mwezi wenye umri wa saa 15 na nusu, mwaka 1990, na aliyeuona alikuwa mtazamaji aliyebobea mwenye macho makali.

Sasa, wakati hilali inapata nguvu hiyo, dunia nayo inazunguka na jua linatua nchi baada ya nchi kuelekea magharibi. Nchi ambayo jua limetua mapema haikuuona; iliyoko magharibi yake, saa kadhaa baadaye, imeuona. Mwezi huu pa kwanza patakuwa Afrika Kusini, mwezi ujao Peru, mwezi wa tatu katikati ya Bahari ya Pasifiki ambako hakuna mtu wa kutoa ushahidi. Mohammad Ilyas, mtaalamu wa Universiti Sains Malaysia kule Penang, alilieleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1980: kila mwezi una mstari wake wa tarehe juu ya uso wa dunia, na mstari huo huhama. Mstari huo haukuchorwa na mkoloni yeyote, na hakuna kikao kitakachoufuta.

Wala si suala la mashariki na magharibi peke yake. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa katika longitudo moja, nyuzi 39.7 na 39.8, na saa za kwenye ukuta ni zilezile. Hata hivyo kuna miezi ambayo mtu wa Mombasa anaweza kuiona hilali na wa Makka asiione, na kuna miezi kinyume chake, kwa sababu njia ya mwezi huinama kushoto au kulia kwa kutegemea majira na umbali kutoka ikweta. Anayesema "sisi na Makka tuna saa moja, kwa hiyo mwezi mmoja" hajawahi kusimama kuutazama katika miji yote miwili.

Watetezi wa tarehe moja husahau pia kwamba siku yenyewe haianzi mara moja duniani. Ijumaa husaliwa Auckland, na karibu siku nzima inapita kabla ya Waislamu wa Honolulu kusimama kwa Ijumaa ileile. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba umma umegawanyika. Tarehe tunayoiona imara kama mwamba ni makubaliano ya serikali tu: mwishoni mwa mwaka 2011 Samoa iliamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, watu wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ya wiki ile haikuwepo visiwani humo. Jirani yao, Samoa ya Marekani, wanaona jua likitua karibu wakati uleule nao, lakini wako nyuma siku nzima. Basi anayetaka "siku moja" kwa dunia yote aseme kwanza ni siku ya nani.

Wapo walioliona tatizo hili na kujaribu kulitatua kwa akili na nia njema. Mwezi Mei 2016, Idara ya Masuala ya Dini ya Uturuki iliitisha mkutano mkubwa mjini Istanbul, na wengi walipiga kura kuchagua kalenda moja ya dunia badala ya kalenda ya kanda mbili. Kanuni yake kwa kifupi: mwezi ukifikisha mwachano wa nyuzi 8 na kimo cha nyuzi 5 mahali popote duniani kabla ya usiku wa manane kwa saa za Greenwich, dunia yote inaingia mwezi mpya kesho yake. Kuna nyongeza inayoruhusu bara la Amerika kuhesabiwa hata baada ya saa hiyo, mradi jua na mwezi vimekutana kabla ya alfajiri ya New Zealand. Muhammadiyah, jumuiya kongwe ya Indonesia iliyoanzishwa mwaka 1912, iliikubali kanuni hiyo na kuanza kuitumia mwaka 1447 Hijria.

Matokeo yake yaonekane kwa mfano mmoja. Kalenda hiyo iliweka mwanzo wa Ramadhani 1447 kuwa tarehe 18 Februari 2026. Jua na mwezi vilikutana tarehe 17 saa moja usiku kwa saa za Jakarta, wakati jua la Jakarta limeshatua. Maana yake, Magharibi ilipoingia Jakarta mwezi mpya ulikuwa haujazaliwa kabisa, na mwezi uliokuwepo ulishazama kabla ya jua. Kigezo kilitimizwa wapi? Alaska. Na jua la Alaska lilipotua, Jakarta ilikuwa karibu saa nne asubuhi ya tarehe 18. Mfungaji wa Jakarta alikuwa ameshanuia, ameshakula daku na ameshafunga kwa zaidi ya saa tano kwa ajili ya hilali ambayo ilikuwa bado haijafikia kuonekana popote duniani. Hata Dar es Salaam na Mombasa, alfajiri ilikuwa imeshapita.

Hapa ndipo mtu aulize kwa moyo safi: hii ndiyo ibada ya kufunga kwa kuuona? Watetezi wa kalenda ya Istanbul wanastahili heshima kwa kuwa waliweka kanuni yao wazi, kila mtu aipime. Lakini kanuni hiyo inathibitisha kile ambacho hoja ya mwezi mmoja imekuwa ikikificha. Ili dunia yote ifunge tarehe moja, lazima sehemu kubwa ya Waislamu waanze mwezi kabla mwezi haujaonekana na mtu yeyote. Hakuna njia nyingine.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ni wachache wanaofuata hesabu za Istanbul. Kwa wengi "mwezi wa dunia" maana yake ni tangazo la Saudi Arabia. Redio inasema Riyadh imetangaza, na jambo limekwisha. Basi nalo litazamwe kwa heshima inayostahili nchi ya Haram mbili, lakini litazamwe.

Mchana wa tarehe 29 Machi 2025 jua lilipatwa. Watu wa Moroko na wa Ulaya waliuona mwezi umelimega jua, na kivuli chake cha mwisho kiliiacha dunia saa tisa na dakika 43 alasiri kwa saa zetu, ambazo ndizo za Makka. Kupatwa kwa jua hakuna tafsiri mbili: mwezi uko mbele ya jua, upande mmoja nalo. Jua likatua Makka yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, hata saa tatu hazijapita tangu kupatwa kumalizike. Usiku huo ikatangazwa kwamba hilali imeonekana, na Idi ikawa tarehe 30. Oman, ambao ni jirani, walisali Idi tarehe 31. Moroko tarehe 31. Pakistan na India tarehe 31. Tanzania na Kenya, kwa wanaofuata Mufti na Kadhi Mkuu, tarehe 31.

Mwaka uliotangulia lilitokea linalofanana na hilo. Tarehe 6 Juni 2024 jua na mwezi vilikutana saa tisa na dakika 38 alasiri. Jua la Makka likatua saa moja jioni, umri wa mwezi ukiwa chini ya saa tatu na nusu, na Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hijja, ikatangazwa kuanza kesho yake. Oman na Moroko zikaanza siku iliyofuata. Rekodi ya binadamu ni saa 15 na nusu; huku tunaambiwa watu wameona wa saa tatu na nusu, na wa saa nne na nusu.

Hakuna haja ya kumtuhumu shahidi yeyote kwa uongo. Jicho linalotamani kuona huona: ndege ya mbali inayong'aa, nyota, unyusi mweupe uliojikunja mbele ya mboni. Ndiyo maana Taqiyyuddin as-Subki, faqihi mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1355, aliandika kwamba hesabu ya uhakika ikionyesha kuonekana hakuwezekani, ushahidi wa watu wawili watatu hukataliwa, kwa kuwa hesabu hiyo ni yakini na ushahidi ni dhana. Aliyasema haya karne nyingi kabla ya setilaiti. Wanaodhani kutumia falaki kupima ushahidi ni bidaa ya vijana wa chuo kikuu wana deni kwa Subki.

Tuje kwenye fiqhi, maana huko ndiko silaha kubwa ya upande wa pili iliko. Wanasema Mtume aliamrisha umma mzima ufunge kwa kuuona mwezi, na amri ni ya wote, na kwamba wengi katika Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali walishikilia kuwa ukionekana mji mmoja unawalazimu wote. Hili ni kweli na halifai kufichwa. Lakini Waislamu wa pwani yetu walilelewa katika madhehebu ya Shafi, wakasoma *Minhaj* ya Imam an-Nawawi katika misikiti na vyuo vyao, na humo kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mwezi ukionekana mahali hukumu yake inawafikia walio karibu, si walio mbali. Nawawi akapima huo ukaribu kwa matlai, yaani pale mwezi unapochomoza. Na Ibn Abdil-Barr, Mmaliki wa Andalusia aliyefariki mwaka 1071, alinakili makubaliano kwamba nchi zilizotengana sana kama Andalusia na Khurasani hazilazimishani. Hata wale waliosema "wote" walikuwa wakizungumzia dunia waliyoijua, ambayo usiku wake mmoja uliwakusanya karibu wote. Hakuna aliyekuwa na Alaska akilini.

Kuna pia kisa ambacho kila mwanafunzi wa hadithi anakijua, kilichomo katika *Sahihi Muslim*. Kuraib alitumwa na Ummul-Fadhl kwenda Sham kwa Muawiya. Akiwa huko mwezi ukaandama, akauona usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa Ramadhani, Ibn Abbas akamuuliza waliuona lini, akamweleza. Ibn Abbas akamwambia wao Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi na wataendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone wenyewe. Kuraib akauliza kama kuona kwa Muawiya hakutoshi. Jibu likawa hapana, na kwamba hivyo ndivyo Mtume alivyowaamrisha. Muawiya alikuwa mtawala wa dola moja, Sham na Madina chini ya bendera moja, na mpaka wa mkoloni haukuwepo. Ikiwa umoja ungekuwa tarehe, Ibn Abbas angekuwa wa kwanza kulaumiwa.

Wapo watakaosema hiyo ilikuwa rai yake binafsi. Basi waangalie Makka na Riyadh zenyewe zilisema nini zilipoulizwa rasmi. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililijadili suala hili mwaka 1972, likaona kwamba karne 14 zimepita bila umma kuwahi kuungana juu ya mwandamo mmoja, na likaacha kila nchi ichague kupitia wanazuoni wake. Mwaka 1981 Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lenye makao Makka, likatamka kwamba hakuna haja ya kulazimisha miandamo na Idi kuwa moja. Ni kweli kwamba Akademia ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu, ilipokutana Amman mwaka 1986, ilielekea upande wa mwezi mmoja. Lakini anayeifanya Saudia kuwa hoja ya dunia nzima ajue kwamba wanazuoni wa Saudia hawakuidai nafasi hiyo.

Bado kuna Arafa. Hapa ndipo hisia huwa kali, na zinaeleweka: mahujaji wamesimama pale uwanjani, picha zinaonekana moja kwa moja kwenye runinga, vipi mtu wa Tanga afunge Arafa kesho yake? Lakini saumu ya asiyehiji imefungamanishwa na tarehe 9 ya Mfunguo Tatu mahali alipo, kama ambavyo kuchinja kwake kumefungamanishwa na tarehe 10. Waya wa simu ya chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879. Kabla ya hapo habari za hija zilikuja na majahazi ya kaskazi, na kwa karne nyingi Waislamu wa Lamu, Pate, Kilwa na Unguja walifunga Arafa bila kujua Makka imesimama siku gani. Kama saumu ile ilikuwa ya kuona picha, basi vizazi vyote vile havikuwahi kufunga Arafa. Nani yuko tayari kulisema hilo juu ya babu zake?

Uharibifu wa hoja ya mwezi mmoja hauko Riyadh wala Istanbul. Uko Magomeni, Kisauni na Michenzani. Kabla haijashika kasi, mji ulifunga pamoja na ukafungua pamoja, hata pale ambapo baadaye ilibainika kuwa wamekosea siku moja. Leo mtu anaungana na Waislamu wa bara jingine ambao hatakutana nao, na anaachana na jirani anayemkopa chumvi. Mzee wa nyumba anasali Idi msikiti wa mtaani, mwanawe amepanda daladala kwenda kusali kiwanja kingine jana yake. Mikono ya kupeana Idi inakosana kwa saa 24. Mtume, kama ilivyopokewa na Abu Huraira, alifundisha kwamba saumu ni siku mnayofunga nyote na Idi ni siku mnayofungua nyote. Wanaoishi pamoja ndio "nyote" wa kwanza.

Kulikataa pendekezo la tarehe moja ya dunia si kuutetea utaratibu wetu wa sasa, maana nao una aibu zake. Taasisi zetu huutafuta mwezi mara mbili au tatu kwa mwaka, usiku wa kuamkia Ramadhani, Idi na Mfunguo Tatu, kisha zinashangaa kwamba hakuna anayeziamini. Ramadhani za miaka ya karibuni zimeangukia masika. Mawingu yametanda pwani nzima, simu ya shahidi mmoja kutoka kijiji fulani inapigwa saa nne usiku, na hakuna jedwali la kumuuliza hilali ilikuwa upande gani wa jua, imeelekea wapi, na ilizama saa ngapi. Ikiwa mwezi wa Shaaban wenyewe ulianzishwa kwa kubahatisha, tarehe 29 ni ya kubahatisha vilevile.

Moroko hufanya vingine. Wizara yao ya Wakfu hutuma watazamaji kila mwezi, miezi yote 12, nchi nzima, na ndiyo maana tangazo lao la Ramadhani halizui ugomvi. Hilo linawezekana hapa bila fedha nyingi. Pwani ya magharibi ya Unguja ina upeo ulio wazi, bara kuna vilima, na hesabu za kuzama kwa mwezi na jua zinapatikana kwa kila mji. Ofisi ya Mufti Zanzibar, Bakwata na ofisi ya Kadhi Mkuu wa Kenya ziunde jopo la kudumu lenye mashekhe na watu wa falaki. Zitangaze mapema, mwaka mzima, jioni ambazo hilali haiwezi kuonekana katika eneo letu, ili ushahidi wowote wa jioni hizo usisikilizwe, uwe umetoka kijijini au umetoka ng'ambo. Jioni zilizobaki watu watoke wakautazame, na kila mwezi matokeo yachapishwe: nani aliona, wapi, saa ngapi, mbele ya mashahidi gani.

Na wewe msomaji unayeamini mwezi mmoja wa dunia, huna haja ya kuacha unachokiamini leo. Ila Shaaban ijayo, kabla ya kunuia tofauti na nyumba yako, tafuta saa ambayo jua na mwezi vimekutana na saa ambayo jua limetua huko lilikotoka tangazo, uhesabu tofauti yake mwenyewe.